Nyuki Ndani ya Redio

Sajini Emmah Nasirumbi alikuwa amechoshwa na waongo wa kila aina, lakini uongo wa Kasyoki ulimchosha zaidi kwa sababu haukumfaa mtu yeyote, hata Kasyoki mwenyewe.

"Rudia tena," alimwambia kupitia nondo za seli ya kituo cha polisi cha Mweiga. "Pole pole."

Kasyoki alikuwa mkamuaji wa ng'ombe, mtu wa Kitui aliyeandikwa kazi Endarasha kwa Mzee Theuri. Alijifunika blanketi la kituo mpaka kidevuni. Baridi ya Kieni ilikuwa haijamzoea, naye hakuwa na nia ya kuizoea.

"Madam, nimesema mpaka mdomo imechoka. Hiyo siku nilichelewa kukamua, ile ng'ombe nyekundu ilikuwa imefura titi. Nikapeleka maziwa ya mzee, nikaweka mkebe kwa mlango. Nyumba ilikuwa giza. Redio ilikuwa inaongea. Nikaenda kulala kwangu."

"Giza kabisa?"

"Giza ya kushika na mkono."

"Na kwa geti hukukutana na gari ya Ngatia, kijana wa mzee?"

"Sikuona gari. Sikuona mtu."

"Asubuhi ukampata mzee sakafuni, kichwa imepasuka, na taa zote zinawaka."

"Zote. Hata ya nje."

Nasirumbi alimtazama kwa muda. Alitaka amwone akigeuza macho, akimeza mate, akifanya lolote kati ya yale ambayo waongo hufanya. Kasyoki alipiga chafya tu.

Ofisini, Inspekta Jackton Oloo alikuwa ameegemeza kiti ukutani huku akikoroga chai iliyokuwa imepoa zamani. "Sajini, kesho asubuhi huyo jamaa anasimama kortini Nyeri. Shtaka ni mauaji. Faili imekamilika."

"Lile doa la mkono wa shati la Kasyoki si damu, afande. Ni dawa ya kupaka chuchu za ng'ombe."

"Basi ondoa doa. Bado aligombana na mzee juu ya ng'ombe mgonjwa. Bado ni mtu wa mwisho kuonekana akiingia. Na bado anadanganya juu ya giza. Ngatia aliacha baba yake akiwa mzima, taa zikiwaka. Jirani aliona taa. Sisi tulikuta taa."

"Hiyo ndiyo inanisumbua. Mtu akidanganya, anadanganya kitu ya kumsaidia. Giza inamsaidia nini?"

Oloo alishusha kiti. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na majalada mengi kuliko askari. "Nenda Endarasha ukaangalie. Ukirudi mikono mitupu, mimi ninampeleka."

Nasirumbi alijua maana ya kupelekwa. Shtaka la mauaji kwa mtu asiye na wakili wala ndugu wa kumdhamini ni safari ndefu. Kasyoki angekaa rumande mpaka ndama wa Mzee Theuri wazae, na wajukuu wa ndama hao wazae pia. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya huyu ilikuwa imeshikwa na watu wengi walioridhika kwamba wamemshika muuaji mwenyewe.

Njiani alisoma tena taarifa ya Ngatia, mtoto wa kiume wa marehemu, mfanyabiashara wa mjini Nyeri. Ilikuwa taarifa nzuri, na Nasirumbi hakupenda taarifa nzuri. Ngatia alisema alifika kwa baba yake kabla ya matangazo ya vifo ya redioni. Wakakaa pamoja sebuleni, taa zikiwaka, wakasikiliza matangazo mpaka mwisho. Mzee akatikisa kichwa jina la chifu mmoja mstaafu wa Tetu liliposomwa. Ngatia akaaga, akaondoka, na langoni akapishana na Kasyoki akiingia na maziwa. Kituo cha redio chenyewe kilithibitisha kwamba chifu huyo alitangazwa jioni ile. Majirani walisikia gari, ila hakuna aliyeweza kuapa kama lilikuja kabla ya matangazo au baada yake. Hata Shirleen wa duka la pale senta, penye maduka ya kijiji, ambaye Ngatia alinunua mkate kwake, alisema yeye hutazama wateja, hatazami saa.

Nyumba ya Mzee Theuri ilikuwa ya mawe, fupi, yenye paa la mabati na sola mbili juu yake zikitazama jua la Laikipia. Nguzo za stima zilikuwa hazijafika upande ule wa Endarasha. Ndani, mambo yalikuwa kama yalivyoachwa siku ya kwanza, yaani kiti cha mzee, meza ndogo, redio, televisheni iliyofunikwa kitambaa, na jiko la chuma la kuni ambalo pembe yake ilikuwa imepanguswa damu na watu wa maabara. Ukutani kando ya mlango wa chumba cha kulala ilining'inia inveta, sanduku la bati lenye kitufe kimoja chekundu, na chini yake betri mbili. Inveta ndiyo iliyochukua umeme wa betri na kuugeuza kuwa wa kuwasha taa na televisheni. Ilinguruma taratibu, na feni yake ndogo ilipumua mfululizo kama mtu mwenye mafua.

Munene, fundi wa sola aliyeifunga, alikuwa akimsubiri barazani. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mita mfukoni na wasiwasi usoni.

"Madam, hiyo kazi niliifanya vizuri. Si stima ilimuua."

"Najua. Nataka kujua kama betri inaweza kuisha jioni, nyumba ikae giza, halafu irudi yenyewe."

Munene alipima betri ya kwanza, akapima ya pili, akatikisa kichwa. "Zimeshiba. Na hiyo wiki jua ilikuwa kali, mtu hata anaanika mahindi. Haziwezi kuwa zilikuwa zimeisha."

"Na inveta ikijizima?"

"Ikijizima inapiga kelele, mpaka mtu akuje abonyeze. Haijiwashi, madam. Lazima kuwe na kidole."

Nasirumbi aliangalia kitufe chekundu. Sanduku lote lilikuwa na vumbi la miezi, ila kitufe kiling'aa. Ripoti ya alama za vidole ilikuwa kwenye faili lilelile lililokuwa mkobani mwake, nayo ilisema kwamba alama za kitufe zilikuwa za marehemu peke yake. Mwanzoni hakuna aliyeona ajabu, maana mtu hugusa kitufe cha nyumba yake.

"Kwani mzee alikuwa anaizima?" aliuliza.

Munene alicheka kidogo. "Nani anazima stima yake jioni? Hiyo si ndiyo saa ya kuwasha?"

Ilikuwa hoja nzuri, na ilimfunga Kasyoki kamba ya pili. Nasirumbi aliketi kwenye kiti cha wageni. Miguu ilimuuma, kifua kilimbana kwa baridi, na ule mngurumo wa inveta ulikuwa umeanza kumwingia kichwani. Ili asikie kitu kingine chochote, hata tangazo la chakula cha kuku, alinyoosha mkono akaiwasha redio ya marehemu.

Redio haikusema neno. Ilitoa mlio mkali wenye meno, zzzzzz, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Mahali fulani nyuma ya mlio ule palikuwa na mtu anayezungumza, lakini hata mama yake mzazi asingeijua sauti yake.

"Hiyo redio ni mzee," Munene alisema. "Redio za kitambo ziko hivyo."

Nasirumbi alikuwa amekwisha kushika kifundo ili aizime. Mkono ukabaki palepale.

Kasyoki alisema redio ilikuwa inaongea. Ngatia alisema walisikiliza redio pamoja, wakasikia jina la chifu. Watu wale wawili walipingana juu ya taa, juu ya gari na juu ya kila kitu kingine, lakini juu ya redio waliafikiana. Na redio hii haikuwa ikiongea.

"Munene, hii inatumia nini?"

Fundi aliigeuza, akafungua mgongo. "Betri kavu. Mpya kabisa. Haijachomekwa kwa ukuta."

Nasirumbi aliichukua, akatoka nayo. Barazani nyuki walipungua. Penye ua wa maua walikuwa wachache. Alipofika zizini, mbele ya yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa akitafuna bila haja na mtu, mwanamke mmoja alizungumza Kikuyu kwa sauti safi kuhusu mbegu za viazi. Nasirumbi alikuwa amekaa Nyeri miaka ya kutosha kuelewa viazi. Alirudi polepole, na mwanamke yule akaanza kumezwa, neno kwa neno, mpaka alipokanyaga kizingiti na nyuki wakammaliza.

"Redio si mbovu," alisema.

Basi akaanza kazi, na kazi ilimwondolea uchovu kidogo, kama inavyofanya siku zote kabla ya kuurudisha na riba. Alizima taa ya sebule, na nyuki wakabaki. Alizima taa zote, hata ya nje, na bado nyuki walikuwapo. Akachomoa televisheni, akachomoa na chaja ya simu iliyokuwa kwenye soketi ya jikoni, lakini nyuki hawakutoka. Mwisho alienda mbele ya sanduku la bati, akabonyeza kitufe chekundu kwa ncha ya kalamu. Feni ilipumua mara ya mwisho. Nyumba ikanyamaza, na katikati ya ukimya ule mwanamke wa viazi akawa kana kwamba ameketi kwenye kiti cha mzee.

Akawasha, nyuki wakarudi. Akazima, wakaondoka.

"Unasemaje, fundi?"

Munene alijikuna shingo. "Hizi za bei ya chini ziko hivyo, madam. Kuna inveta inatoa stima safi, inapanda na kushuka pole pole. Hii inaruka ruka, kama mtu anashuka ngazi akikimbia. Balbu haijali. Lakini redio inalia, feni inalia, hata tivii zingine zinachora mistari."

"Ulimwambia Ngatia?"

"Nilimwambia ziko aina mbili. Akasema leta ya kuwasha taa, ati mzee hana mambo mingi." Alitazama chini. "Na sijawahi sikia mtu akilalamika. Siku hizi nani anasikiza redio? Watu wako na simu."

"Mzee hakukulalamikia?"

"Hata siku moja. Nikipita hapa alikuwa ananipea chai."

Nasirumbi alisimama katikati ya sebule iliyozimwa. Kama jua lingekuwa limetua, asingeona hata mkono wake. Katika nyumba hii mtu alikuwa na hiari moja tu, achague taa au achague redio. Hakuna aliyeweza kupata vyote viwili jioni moja. Kwa hiyo ama hakukuwa na redio, ama hakukuwa na taa, na mmoja wa wale wanaume wawili alikuwa amejaliwa vyote viwili kwa pamoja.

Lakini ushahidi wa nyuki haumtoi mtu seli. Alihitaji kinywa cha mtu.

Phyllis, mjane wa mdogo wake Mzee Theuri, aliishi ng'ambo ya ua. Alimkuta juani akimenya minji, zile njegere za kijani, kwenye ungo, shuka mabegani, miguu ameinyoosha mbele kama msichana. Nasirumbi aliinama akamsalimu kwa mikono miwili, akamwita bibi kwa Kikuyu.

"Cucu, mzee alikuwa anapenda redio?"

"Wacha kupenda. Saa ya majina hakuna mtu angemwongelesha."

Saa ya majina ndiyo saa ya matangazo ya vifo. Katika migongo hii ya vilima vya Nyeri, kila jioni, wazee hukaa kimya kusikiliza nani amekufa, mtoto wa nani, mkwe wa nani, atazikwa wapi. Mtu akishafika umri fulani, marafiki zake humjia kwa njia hiyo tu.

"Na zile nyuki?" Nasirumbi aliuliza.

Phyllis aliacha kumenya, akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Ngai! Hata wewe umezisikia? Hiyo sanduku ilimsumbua! Alijaribu redio kwa meza, akajaribu kwa dirisha, akapanda nayo kitanda. Mwisho akaniambia, 'Phyllis, nimepata dawa.' Majina ikikaribia anazima sola. Anakaa na giza yake mpaka majina iishe. Halafu anawasha."

"Kila jioni?"

"Kila jioni. Ati angekosa mazishi ya rika yake juu ya balbu?"

"Cucu, kwa nini hukutuambia? Kuna mtu amefungwa kwa kusema hiyo nyumba ilikuwa giza."

Mama yule alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mliniuliza nani alikuwa adui yake. Hamkuniuliza kama alikuwa anazima taa."

Nasirumbi alihisi aibu ikimpanda usoni, na hakuificha. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza maswali yale, siku ya kwanza, amesimama, kofia mkononi, ana haraka ya kuondoka.

"Lakini uliandikisha kwamba uliona taa."

"Niliona nikienda kulala. Hapo majina ilikuwa imeisha kitambo."

"Ngatia anajua habari ya nyuki?"

Kicheko kilimtoka Phyllis usoni. Alishika maganda ya minji, akayaminya. "Ngatia asijue. Theuri aliniapisha. Alisema, 'Kijana ameniletea mwangaza hapa, hata chifu hana. Sasa nimwambie mwangaza yake inanifunga masikio?' Akasema itaonekana kama amekataa zawadi. Kwa hivyo tukanyamaza."

"Na Ngatia hakuwahi kukaa naye jioni?"

"Ngatia alikuwa anakuja mchana. Anakunywa chai akisimama, anaangalia simu, anaenda. Hiyo ya jioni ndiyo mara ya kwanza tangu sola iwekwe."

"Alikuwa anataka nini jioni hiyo, Cucu?"

Phyllis alirudi kwenye minji yake. Nasirumbi hakumharakisha. Aliketi chini, akachukua minji kadhaa, akaanza kumenya pamoja naye, na alikuwa amechoka kiasi kwamba angeweza kumenya mpaka Krismasi.

"Wachuka amezikwa pale," Phyllis alisema hatimaye, akionyesha kwa kidevu mti wa msonobari nyuma ya nyumba. Wachuka alikuwa mke wa Theuri, mama yake Ngatia. "Ngatia alipata mtu wa kununua shamba. Lakini siku hizi watu hawataki kununua shamba iko na kaburi. Akamwambia baba yake akubali mama afukuliwe, apelekwe makaburi ya town. Theuri alikataa mara ya kwanza kwa simu. Akakataa tena. Aliniambia, 'Akuje aniulize hiyo kitu akiniangalia macho.'"

"Na akaja."

"Nilisikia gari. Sikujua kama ni yake." Alifuta macho kwa ncha ya shuka. "Msichana wangu, huyo ni mtoto nimebeba mgongoni. Usinifanye niseme zaidi."

Nasirumbi hakumfanya aseme zaidi.

Nasirumbi aliporudi kituoni, Ngatia alikuwa amekuja Mweiga mwenyewe. Alikuwa amevaa koti jeusi, na alitaka kujua ni lini mwili utaachiliwa ili familia ipange mazishi. Nasirumbi alimkaribisha kwenye chumba kidogo chenye meza moja na madirisha yasiyofungika vizuri. Oloo alisimama mlangoni, kikombe mkononi. Nasirumbi alikuwa amemweleza habari za nyuki kwa maneno machache, naye akajibu kwa kukuna kipara na kusema, "Jaribu."

"Pole kwa kukusumbua tena," Nasirumbi alianza. "Kesho ni korti, nataka taarifa yako ikae sawa. Ulifika kabla ya majina?"

"Kabla. Kama nilivyosema."

"Mzee alikuwa amekaa wapi?"

"Kwa kiti yake, karibu na jiko. Redio ilikuwa kwa meza."

"Taa?"

"Zilikuwa zinawaka. Sola nilimwekea mimi mwenyewe, madam. Siwezi kusahau kama ziliwaka."

"Na redio ilikuwa inasikika?"

"Vizuri kabisa. Mzee akaongeza sauti waliposoma yule chifu wa Tetu. Akatikisa kichwa hivi." Ngatia alitikisa kichwa, na machozi yakamlenga. Nasirumbi aliamini machozi yale, ingawa hakuamini neno hata moja.

"Hakukuwa na kelele kwa redio? Mlio wowote?"

"Hakuna. Kwa nini?"

"Na mlikaa hivyo, na taa, na redio, mpaka majina yakaisha?"

"Mpaka mwisho."

Nasirumbi aliweka kalamu chini. "Ngatia, leo nimekaa kwa ile nyumba. Inveta yako ikiwaka, redio ya mzee haisemi neno. Inalia tu. Nimejaribu mbele ya fundi, mara nyingi. Baba yako alikuwa anaizima kila jioni, anasikiliza majina kwa giza. Hakuna mtu amewahi kusikia majina kwa hiyo nyumba taa zikiwaka tangu siku ile uliileta."

"Hiyo ni uongo. Nilinunua kitu mpya."

"Sikatai ilikuwa mpya."

"Basi hiyo siku ilikuwa sawa!"

"Ulisikia wapi jina la chifu?"

Nasirumbi alimjibia, bila ukali, maana hakuwa na nguvu ya ukali. "Kwa gari. Ukitoka Nyeri. Redio ya gari haina nyuki. Ulijua mzee hawezi kukosa majina, kwa hivyo ukajiweka hapo kando yake, kwa sababu kila mtu angeamini. Hata mimi niliamini. Ungekaa naye jioni moja tu, hungesema hivyo."

Ngatia alitazama mikono yake. Alipoinua uso, hakuuliza juu ya ushahidi wala juu ya wakili.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Hakutaka uone amekataa zawadi yako. Aliwaambia watu umemletea mwangaza."

Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia hapo. Alianza kusema huku akitazama ukuta. Aliukuta mkebe wa maziwa mlangoni. Mzee akamtengenezea chai. Walizungumza juu ya kaburi, kwanza kwa upole, halafu bila upole. Mzee akasimama akasema anakwenda kulala, na kwamba Wachuka hatoki pale labda watoke wote wawili. Ngatia akamshika mkono ili aketi, amsikilize. Mzee akavuta mkono kwa nguvu.

"Nilimshika tu," alisema. "Aliteleza akagonga jiko. Nikamwita. Nikamwita tena."

"Halafu ukaondoka."

"Nikaondoka."

"Na ukasema ulikutana na Kasyoki kwa geti."

"Niliona mkebe yake. Nilijua lazima alikuwa amekuja."

Oloo alisogea kutoka mlangoni. Hasira ilikuwa imempanda, na haikuwa ya Ngatia peke yake. "Huyo mtu amelala kwa simiti yetu akisema nyumba ilikuwa giza. Ulikuwa hapa tukimwita mwongo. Ukaitikia."

Ngatia alifunika uso kwa viganja. Sauti yake ilitoka kupitia vidole, na Nasirumbi alilazimika kuinama ili aisikie.

"Ilikuwa giza. Hata mimi niliiona. Nilipoingia kwa geti ilikuwa giza kabisa, na kwa gari walikuwa bado wanasoma majina. Nikafikiri mzee amelala. Kabla sijazima gari, taa zikawaka. Zote mara moja, mpaka ya nje. Halafu nikamwona amesimama kwa mlango, anahema, kama mtu amekimbia." Alishusha viganja. "Nikajua ananikaribisha."

Nasirumbi alifikiri juu ya kile kitufe na kidole kimoja kilichokigusa, na mzee aliyeyaacha majina katikati kwa mara ya kwanza ili mtoto aikute zawadi yake ikiwaka. Angeweza kumweleza yote hayo. Lakini alikuwa amechoka, na mtu yule alikuwa na maisha yake yote ya kuyafikiria.

"Ndiyo," alimwambia. "Alikuwa anakukaribisha."

Ngatia alilaza paji la uso juu ya meza, akalia kwa sauti. Oloo aliweka kikombe chake dirishani, akachukua funguo za seli, akatoka kwenda kumfungulia Kasyoki.